Bei ya Kujua Bei

Nchi ambayo mambo haya yalitokea ipo, na wenyewe wapo, ila jina lake limekodishwa kwa kampuni moja ya maji ya chupa na kila anayelitamka hadharani hulipia. Kwa hiyo tuiite nchi ile tu, tusije tukaingia gharama kabla hata hadithi haijaanza.

Katika nchi ile aliishi mama mmoja mwenye kiwanda cha biskuti, Bi. Rehani Machupa. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa ajili ya mrehani uliokuwa ukinukia mlangoni siku aliyozaliwa, ingawa mabenki yalilipenda kwa sababu nyingine kabisa. Alikuwa mjane, mnene wa kiasi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Biskuti zake ziliitwa Tamtam. Nusu ya nchi ilizichovya kwenye chai kila asubuhi, na nusu nyingine ilizichovya kwa kujificha, kwa kuwa walikuwa waheshimiwa.

Shida yake ilikuwa oveni. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa imezeeka, inaunguza upande mmoja na kuacha upande wa pili mbichi, na wafanyakazi walikuwa wanageuza trei kwa mikono huku wakiilaani. Alitaka oveni ya pili. Benki ikamwambia itamkopesha akiweka dhamana kiwanda, nyumba na mume. Aliposema mume amekwisha fariki, ofisa mikopo alisikitika sana, akauliza kama hakuna namna.

Ndipo alipojitokeza binamu yake, Mudhihiri, dalali wa hisa, kijana mtanashati aliyevaa tai hata kwenye misiba ya vijijini.

"Dada, achana na benki," alisema. "Uza sehemu ya kampuni kwa wananchi. Ingia Soko la Hisa. Pesa za watu, oveni yako, na hakuna wa kukudai nyumba."

"Na wao wanapata nini?"

"Wanapata hisa, dada. Kampuni ikipata faida wanagawiwa. Wakichoka nazo wanaziuza."

Bi. Rehani aliliona jambo hilo kuwa la haki kabisa. Hakuwa amekosea. Hisa ni kitu cha haki. Alichokuwa hajakijua ni lile jengo zinamouzwa.

*

Soko la Hisa la Taifa lilikuwa jengo refu la vioo, lililosimamishwa mahali palipokuwa na soko la vitunguu. Siku za joto harufu ya vitunguu ilipanda kutoka sakafuni, na kila mwekezaji alipoonekana akilia, wakubwa walieleza kwamba sababu ni hiyo.

Mtendaji Mkuu wake, Dakta Anzaruni Mkwiji, aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye tabasamu la mtu aliyekwisha kula.

"Karibu sana, Bi. Rehani. Nimekua kwa biskuti zako. Nataka nikueleze nyumba hii inavyoishi, ili usije ukasema hukuambiwa." Akakaa vizuri. "Zamani Soko hili lilikuwa linaishi kimaskini. Mtu anauza, mwenzake ananunua, sisi tunachukua kamisheni yetu kidogo. Siku wasipouza, hatuli. Nilipoteuliwa nikajiuliza, kwa nini riziki ya taasisi nzima ya taifa itegemee watu wafanye kitu? Wanaouza ni wachache. Wanaonunua ni wachache. Lakini wanaotaka kujua, mama! Wanaotaka kujua hawaishi."

"Kujua nini?"

"Bei."

"Na wakishaijua?"

"Inabadilika," alisema Dakta Mkwiji, na macho yake yakalowa kwa furaha, ingawa siku ile hapakuwa na joto.

Akawatembeza ukumbini. Katikati palikuwa na jukwaa, na juu ya jukwaa alisimama mnadi wa bei, mzee mmoja mwenye kifua kipana ambaye wote walimwita Mapafu. Kila hisa ziliponunuliwa, karatasi ilipandishwa kwake, naye akaitangaza bei kwa sauti. Kumzunguka palikuwa na viti. Viti vya karibu vilikodishwa kwa ada kubwa, kwa maana anayekaa karibu anasikia mapema, na anayesikia mapema ananunua kabla wengine hawajamaliza kuuliza "amesemaje?" Kiti cha mbele kabisa kilikuwa cha kampuni iliyoitwa Haraka na Wenzake. Kijana wao alikaa hapo na mwavuli mdogo kwa ajili ya mate.

"Wametuomba huduma mpya," Dakta Mkwiji alinong'ona kwa fahari. "Wanataka kuweka kidole kwenye koo la mnadi, wahisi bei kabla haijatoka. Tumewakubalia. Kwa ada tofauti, bila shaka. Hapa hatumpendelei mtu."

Bi. Rehani alimtazama Mapafu. Mapafu alimtazama Bi. Rehani kwa macho ya mtu ambaye koo lake limepangishwa bila kuulizwa.

*

Kampuni ya Tamtam iliorodheshwa Sokoni kwa sherehe kubwa. Palikuwa na ada ya kuorodheshwa, ada ya kubaki umeorodheshwa, na ada ndogo ya kuahirisha kuondoka, kwa kampuni ambazo bado hazijafikiria kuondoka. Soko lenyewe nalo lilikuwa limejiorodhesha, na ada zote hizo lilijisamehe. Kengele ya ufunguzi ilikodiwa, na kamba ya kengele ilikodiwa peke yake. Waziri alikuja akahutubia.

"Leo," alisema Waziri, "biskuti imeingia rasmi katika uchumi! Kuanzia sasa raia akila biskuti asijione anakula. Anashiriki!"

Akapigiwa makofi. Hisa zikanunuliwa zote, oveni ikaja, ikafungwa, ikapika pande zote mbili sawasawa, na siku ya kwanza wafanyakazi walisimama kuitazama kama bibi harusi. Bi. Rehani aliwagawia kila mmoja hisa chache kama asante, kwa kuwa wao ndio walioungua mikono kwenye ile ya zamani. Aliyefurahi kuliko wote ni Chausiku, msimamizi wa kufungasha, mwanamke mwembamba mwenye kucheka kwa sauti, aliyekuwa na Bi. Rehani tangu biskuti zinauzwa kwenye beseni. Alizibandika hisa zake kwenye fremu, akaitundika ukutani mahali pa picha ya arusi. Mume wake alihamishiwa chumbani.

Kwa hiyo hadi hapo kila kitu kilikwenda vizuri, na ingekuwa ni nchi nyingine hadithi ingeishia hapa.

*

Asubuhi moja Bi. Rehani alipita Sokoni akiwa njiani kwenda kununua sukari, akaenda dirishani.

"Binti, hujambo? Hisa za Tamtam leo ni bei gani?"

Binti wa dirishani alikuwa na adabu nyingi. "Sijambo, mama, shikamoo. Umejiunga daraja gani?"

"Marahaba. Sijajiunga. Mimi ndiye mwenye Tamtam."

"Hilo tunalijua, mama, ndiyo maana nakuuliza kwa heshima. Tuna Daraja la Mdomo, hao wanakaa pale mbele. Tuna Daraja la Sikio, wanaletewa bei kwa simu baada ya wa Mdomo kupumua. Tuna Daraja la Dirisha, unakuja hapa jioni unaambiwa ya asubuhi. Halafu kuna Daraja la Umma, ambalo ni bure."

"Nipe hilo la bure."

"Ubao upo nyuma, mama, karibu na choo. Ni bei za wiki iliyopita. Ila hazijakosewa hata kidogo."

Bi. Rehani alizunguka nyuma. Kufika kwenye ubao ilibidi apite mlango wa choo, na mlango wa choo ulikuwa na mtoza ada. Akarudi mbele, akacheka, akanunua sukari yake, akaenda zake. Alikuwa mtu wa biskuti. Aliona bei ya hisa ni mambo ya wenye tai.

*

Mambo yalibadilika kwa sababu ya Chausiku.

Chausiku alikuwa anaezeka nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama, mvua zilikuwa zinakuja, na mabati hayakuwapo. Akaiteremsha fremu ukutani, akaomba ruhusa nusu siku, akaenda Sokoni. Alilipa mlangoni pa choo, akausoma ubao wa umma, akaona bei, akaona ni ya wastani na haitoshi paa lote, lakini upande wa vyumbani ungefunikwa. Akauza hisa zake zote. Kijana wa Haraka na Wenzake alizinunua palepale, akamwambia "asante sana, mama yangu," akamfungulia na mlango.

Chausiku alirudi kiwandani na sambusa za kuwagawia wenzake. Walikuwa bado wanatafuna Mudhihiri alipoingia mbio, tai imekaa begani.

"Dada! Umesikia? Serikali imetangaza asubuhi hii, kila shule ya msingi itapewa Tamtam saa ya mapumziko! Hisa zimepanda mara tatu! Mapafu ametangaza hadi sauti imekatika!"

Watu wakapiga vigelegele. Bi. Rehani alikuwa ameinua mikono naye apige, akamwona Chausiku. Chausiku alikuwa ameshika sambusa iliyoumwa upande, hatafuni.

"Mara tatu ya nini?" aliuliza Chausiku.

"Ya ile bei ya wiki iliyopita."

"Asubuhi hii saa ngapi?"

Mudhihiri akaelewa, akashusha sauti. "Kabla hujaenda wewe, dada Chausiku."

Chausiku akamgeukia.

"Kwa hiyo yule kijana alijua. Ananifungulia mlango na anajua."

"Alijua."

"Basi nimeibiwa."

"Hapana, dada," alisema Mudhihiri kwa masikitiko ya kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Kuibiwa kuna adhabu. Hili lina risiti."

Chausiku aliiweka sambusa mezani taratibu, akafunga kitambaa chake kichwani upya, akarudi kwenye meza ya kufungasha. Mchana ule hakucheka. Bi. Rehani, ambaye kwa miaka yote alikuwa akimkanya apunguze kucheka kazini, aliusikia ukimya ule kuliko mashine zote.

*

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Dakta Mkwiji.

Dakta alisikiliza hadi mwisho. Alitoa leso. Alisikitika kwa namna ambayo ingeweza kukodishwa.

"Inaniuma, Bi. Rehani. Inaniuma kama kiongozi na kama mla biskuti. Lakini tujiulize, tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba yule mama alikwenda Daraja la Umma. Angekuwa Daraja la Mdomo yasingempata."

"Mdomo ni ada kubwa kuliko nyumba yake yote, na paa lake."

"Ndiyo maana ni huduma ya kifahari." Akafungua mtoto wa meza. "Hata hivyo naweza kukusaidia. Tuna taarifa kamili ya tukio lake: alisimama wapi, alisita kwa muda gani, alikuwa na uso wa namna gani alipouza. Haraka na Wenzake wameshainunua. Wewe, kwa kuwa tunafahamiana, nitakupunguzia."

Bi. Rehani akaipuuza taarifa hiyo. "Dakta, hiyo bei ya Tamtam inatoka wapi?"

"Inatoka hapa."

"Hapana. Mimi nimepika biskuti. Chausiku amezifunga. Mtu mmoja kauza, mwingine kanunua, wamekubaliana. Ninyi mmefanya nini?"

"Sisi," alisema Dakta Mkwiji kwa upole usiokuwa na kifani, "tulisikia."

Bi. Rehani aliinuka. Alipofika chini, badala ya kutoka nje, alikwenda dirishani akajiunga Daraja la Sikio. Ada ilimuuma, lakini aliilipa yote bila kuomba apunguziwe, na hilo peke yake lingetosha kumtia wasiwasi mtu mwenye akili. Binti wa dirishani alifurahi tu.

*

Kutoka siku ile, simu ya kiwandani ilipolia na bei ikatajwa, Chausiku aliandaa muhuri wa namba za kugeuza, kama ule wa kugongea tarehe ya kuharibika, akagonga bei kwenye kila paketi iliyokuwa ikitoka: *Hisa ya Tamtam asubuhi hii*, na namba yake. Baadaye pikipiki za kusambaza zilipokuwa zinatoka kila saa, wakaongeza bei za hisa nyingine zote, kwa herufi ndogo, nyuma ya paketi mahali palipokuwa na viambato.

Mwanzoni watu walidhani ni bahati nasibu. Walipoelewa, mji ulichangamka. Wauza duka wakawa wanasomewa bei na watoto. Makuli bandarini wakaanza kubishana kuhusu hisa za saruji na mabati huku wanatafuna. Mfanyakazi mmoja wa kiwandani, fundi wa kukandia unga, aliuza hisa zake siku ambayo bei ilikuwa imesimama vizuri, na kijana wa Haraka na Wenzake alipomtajia bei ya wiki iliyopita, fundi alitoa paketi mfukoni akamwonyesha kwa kidole, akiendelea kutafuna. Hadithi hiyo ilisimuliwa kiwandani kila siku, na siku ya tatu au ya nne Chausiku akaicheka.

Madalali nao hawakuwa wajinga. Paketi ya biskuti ilikuwa rahisi kuliko Daraja la Sikio, na tena unapata na biskuti. Mmoja baada ya mwingine wakajitoa. Wakaanza kunenepa. Ukumbini viti vya kumzunguka Mapafu vikabaki vitupu, na yeye, ambaye zamani alikuwa hapati nafasi ya kukohoa, akawa anawasalimia wafagiaji kwa majina ili apate wa kuzungumza naye.

Halafu likatokea jambo lililomtia Dakta Mkwiji homa. Kwa kuwa watu walinunua biskuti ili wajue bei, biskuti zikauzika zaidi. Kwa kuwa biskuti ziliuzika, hisa za Tamtam zikapanda. Kwa kuwa zilipanda, paketi za asubuhi hazikufaa mchana, na watu wakanunua nyingine.

"Huyu mwanamke," Dakta Mkwiji aliiambia bodi yake, "ametengeneza Soko la Hisa linalolika!"

*

Walitumwa wakaguzi wawili kwenda kukamata bei. Amri yao ilisema wazi kwamba bei ni mali ya Soko na irudishwe Sokoni ikiwa nzima. Walifika na gunia.

"Tumekuja kwa ajili ya bei, mama," alisema mkubwa wao.

"Karibuni. Mnataka ya saa ngapi? Maana ya asubuhi imekwisha pita."

Wakaguzi wakatazamana. Amri haikutaja saa. Bi. Rehani aliwakaribisha kiti, Chausiku akaleta chai na paketi mbili, ziwe ushahidi wao. Walikuwa wametoka mbali bila kunywa kitu, na chai ilikuwa ya tangawizi. Walipoinuka kuaga, gunia lilikuwa tupu na ushahidi ulikuwa umechovywa wote.

Katika taarifa yao waliandika kwamba bei zilikuwa tamu lakini hazidumu.

Soko likamfuta Bi. Rehani kwenye Daraja la Sikio. Hilo halikusaidia, kwa kuwa kufikia hapo kila aliyesikia bei yoyote mjini aliipigia simu Tamtam kwanza, bila malipo, kwa raha ya kuiona imegongwa kwenye paketi. Basi Dakta Mkwiji akafungua kesi katika Baraza la Mashauri ya Masoko.

*

Baraza liliongozwa na Jaji Faraji Pazi, mzee mwenye miwani mikubwa, anayesikiliza kwa makini mpaka watu wakadhani amelala. Ukumbi ulijaa. Mudhihiri alikaa nyuma ya binamu yake, anafuta jasho kwa tai.

Dakta Mkwiji alilisimamia shauri lake mwenyewe, bila wakili, kwa kuwa alipenda kujisikia.

"Mheshimiwa Jaji, bei ni mtoto! Inazaliwa chini ya paa letu. Inapewa jina na mnadi wetu. Inapiga kelele yake ya kwanza ukumbini kwetu. Leo mama huyu anaikamata, anaipiga muhuri mgongoni, anaitembeza mitaani ikiwa uchi kwenye paketi ya biskuti. Nauliza, ni mzazi gani angevumilia?"

Bi. Rehani akasimama. "Mheshimiwa, mimi nina watoto wawili, wote nimejifungulia hospitali ya wilaya. Kuna paa pale, na nesi ndiye aliyewatangaza. Naomba kujua kama watoto wale ni wa hospitali, maana nimewalea kwa gharama kubwa."

Ukumbi ukacheka. Jaji akagonga meza, ikaonekana kwamba hakuwa amelala.

Akaitwa Chausiku. Alikuwa amevaa nguo yake ya sikukuu, mikono imekunjwa mapajani.

"Lieleze Baraza," alisema Jaji Pazi, "siku ile ulipouza, bei halisi ilikuwa ngapi na wewe ukapata ngapi, tujue umepungukiwa kiasi gani."

Chausiku alifikiri. "Niliyopata naweza kusema, mheshimiwa, ni yangu. Ile nyingine ni mali ya Soko. Nikiitamka hapa mbele ya watu ambao hawajajiunga, si na mimi nitashtakiwa?"

"Nakuamuru uitamke."

"Pingamizi!" Dakta Mkwiji alikuwa ameshasimama. "Kwa heshima zote, Mheshimiwa Jaji naye hajajiunga. Hawezi kuamuru kuambiwa kitu asichokilipia."

Jaji Pazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shauri likaahirishwa ili Jaji apate Daraja la Dirisha la muda. Waliporudi Chausiku aliitaja bei, na ukumbi mzima ukaguna. Hakulia. Alisema tu kwamba mvua za kwanza zilimkuta na upande mmoja wa nyumba, familia nzima ikahamia upande ule, mume, watoto na kuku, na kwamba anachotaka si fidia. "Ninachotaka," alisema, "yule atakayesimama pale baada yangu, aambiwe kinachoendelea kabla hajashukuru."

Jaji Pazi aliandika jambo, akasema hukumu itatolewa baadaye.

*

Sasa, ilikuwa imetoka amri ya serikali kwamba kila taasisi ijitegemee kimapato. Baraza halikuwa na kitu cha kuuza isipokuwa hukumu. Kwa hiyo lilikuwa limeingia mkataba, kimyakimya na kwa nia njema, wa kusambaza hukumu zake kupitia mtu mwenye uzoefu wa kusambaza. Mtu huyo alikuwa Soko la Hisa la Taifa.

Siku ya hukumu Bi. Rehani na Chausiku walikwenda Baraza, wakaelekezwa Sokoni, wakafika dirishani.

"Imetoka, mama," alisema binti, macho yanang'aa. "Mapafu ameisoma saa ileile. Ni nzuri sana! Ila siruhusiwi kusema ni nzuri kwa nani."

"Ni kesi yangu, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Ungejiunga ungeifurahia sana, au ungesikitika sana. Lakini jina lako limefutwa, na kurudishwa kuna ada ya kufutwa, ada ya kurudishwa, na ya Mdomo, kwa sababu kesi kubwa zinaanzia Mdomo."

Wakamtafuta Mudhihiri. Walimkuta ngazini amevaa miwani ya jua na amejifunga leso usoni hadi puani.

"Mudhihiri! Wewe umeisikia?"

"Nimeisikia, dada. Mkataba wa udalali unanikataza kuitaja. Wamesema hata uso wangu ni njia ya usambazaji." Sauti yake ilitetemeka, na haikujulikana ni kwa furaha au kwa huzuni, na kutetemeka kwenyewe pengine kulikuwa kosa.

Bi. Rehani alikaa kwenye ngazi. Ada zote zile kwa jumla zilikuwa mshahara wa kiwanda wa mwezi. Chausiku akakaa karibu naye.

"Tulipe, dada?" aliuliza Chausiku. "Tuchangishane. Watu wangu watatoa."

Bi. Rehani alizihesabu tena zile ada. Alikuwa anaogopa, na haikuwa kawaida yake. Kama wameshindwa, muhuri ule ulikuwa na faini, na faini ilikuwa inatosha kuchukua oveni. Kama wameshinda, walikuwa wamekaa kwenye ngazi bure. Aliinuka akarudi dirishani.

"Binti, nisipolipa, nani atakuja kuniambia hukumu?"

"Hakuna, mama. Kumwambia asiyejiunga ni kosa."

"Hata askari?"

"Askari hawajajiunga."

"Sasa kitu nisichokijua nitakitii vipi?"

Binti akafikiri kwa bidii. Alikuwa msichana mwaminifu. "Huwezi, mama," alisema hatimaye. "Utakuwa unabahatisha."

Bi. Rehani akamshukuru, akamshika Chausiku mkono, wakarudi kazini. Mchana ule paketi zilitoka zimegongwa kama kawaida.

*

Zikapita wiki, na paketi zikaendelea kutoka. Kisha siku moja, saa ya mchana, gari la kifahari lilisimama nje ya kiwanda, akashuka Dakta Anzaruni Mkwiji, peke yake, bila karani. Alikuwa amepungua. Bodi yake ilikuwa imekaa mara kadhaa kujadili namna ya kumjulisha Bi. Rehani hukumu, na kila mara mwanasheria wa Soko aliwakumbusha kwamba kumjulisha bure ni kuvunja kanuni, na kwamba aliyeitunga kanuni hiyo ni Dakta Mkwiji.

Alimkuta Bi. Rehani kati ya mashine, aproni imejaa unga, Chausiku kando yake.

"Bi. Rehani," alisema, akitazama nyuma kama mwizi, "nimekuja kama mtu binafsi. Sijatumwa. Nataka nikuambie Baraza liliamua nini. Sitaki hata senti. Liliamua kwamba..."

Chausiku akabonyeza kitufe cha mashine ya kukandia.

Mashine ile ilikuwa kubwa, na siku ile ilikuwa na unga mwingi. Iliunguruma mpaka madirisha yakacheza. Dakta Mkwiji aliongeza sauti. Akainua kidole cha kwanza, kisha cha pili, ikaonekana hukumu ilikuwa na vipengele. Mishipa ya shingo ikamsimama. Alitaja kifungu, alitaja sheria, aligeuka na kumwigiza Jaji Pazi akivua miwani, alipiga kifua, aliashiria mbinguni. Alisema yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hukumu nzima, bure, kwa mtu asiyejiunga. Bi. Rehani alimtazama kwa adabu, mkono umewekwa sikioni, akitikisa kichwa pale ambapo mtu mstaarabu angetikisa.

Alipomaliza alikuwa amelowa jasho. Chausiku akazima mashine.

"Umesikia?" Dakta alihema.

"Nimekuona ukisema, baba," alijibu Bi. Rehani, "na umesema vizuri. Lakini mashine."

Dakta Mkwiji aliangalia ile mashine. Aliangalia kidole cha Chausiku, ambacho hakikuwa mbali na kitufe. Halafu akakaa juu ya gunia la unga, suti yote, akafumba macho. Wanawake wale wawili walimwonea huruma, kwa kuwa mtu aliyechoka ni mtu aliyechoka. Chausiku akaenda kuleta chai ya tangawizi. Bi. Rehani akachukua paketi kutoka kwenye mkanda, ikiwa bado ya moto, akamwekea mkononi.

Dakta Mkwiji alifumbua macho. Alitazama mlangoni kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Basi akaigeuza paketi nyuma, akaisogeza karibu na macho, na kwa kidole akaanza kutafuta, katika zile herufi ndogo, hisa za Soko la Hisa lenyewe zilikuwa bei gani.